Sekendi Loa Inaomba Masta ya Takwimu

Ukurasa wa maswali ya wasomaji, masomo na kazi. Safari hii ni barua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu zinazofanana nayo ziko nyingi kwa meza yangu, hizo mbili za mwisho nimezijibu chapchap.

Swali

Mwalimu salaam. Mimi ni kijana wa miaka 27, nakaa Kondele, Kisumu. Nilimaliza BSc ya takwimu kwa chuo kimoja cha serikali nikapata sekendi loa, yaani daraja la pili la chini, wastani 56. Mwaka wa kwanza nilipata 49, wa pili 52, wa tatu 58, wa nne 65. Ile miaka miwili ya kwanza baba alikuwa mgonjwa na mimi nilikuwa nauza mitumba soko la Kibuye, Jumapili na siku zingine pia, darasa nilikuwa naingia nikipata nafasi. Probabiliti ya mwaka wa pili niko na 40 ya saplimentari, rili analisisi 43. Lakini taim siriz niko na 71, projekti 74. Saa hii nimemaliza miaka miwili nikifanya kazi ya data kwa mradi wa afya huko Siaya, natumia R na Stata, zile programu za takwimu, kila siku, na nimeweka akiba ya shilingi 180,000. Nataka masta ya takwimu. Rafiki yangu amenipea orodha ya vyuo 14 vya nje, anasema niaplai zote, moja itashika tu. Nifanye hivyo ama nikubali yaishe?

Loa wa Kondele

Jibu

Omera, pole kwa mambo ya baba, na hongera kwa hiyo 65, kutoka 49 mpaka 65 huku umebeba mitumba si mchezo. Orodha ya rafiki yako iweke kando kwanza, tutairudia.

Nilisoma barua yako na kalamu mkononi na kuna nambari moja nilizungushia duara, na wala haikuwa 56. Ilikuwa 40. Watu wakishapata sekendi loa wanadhani shida yote ni wastani, wanaanza kuufichaficha, kwa fomu wanaandika tu "daraja la pili" wanaacha hivyo bila kusema ni ya juu ama ya chini, na kumbe yule mtu anakaa na faili yako kule idarani, ukishavuka ile alama ya chini waliyoweka, hana haja sana na wastani. Anataka kujua kitu kimoja, huyu kijana akiingia semesta ya kwanza atatoka? Na semesta ya kwanza ya masta ya takwimu, uende Njoro ama uende Ubelgiji, ni probabiliti, ni inferensi, ni modeli za linia, na hizo zote zimesimama juu ya ile probabiliti ya mwaka wa pili yenye wewe umeandikiwa 40. Taim siriz 71 ni tamu na projekti 74 ni tamu zaidi, lakini fundi akija kuangalia nyumba anaanza na msingi, mabati ni baadaye.

Sasa kuna kitu wewe unajua kuhusu hiyo 40 na yeye hajui. Kwa vyuo vyetu vingi ukirudia mtihani kwa saplimentari unaandikiwa 40 hata kama ungepata 78, hapo ndipo alama inaishia. Mtu wa nje hajui hiyo sheria. Anaona tu kijana alianguka, akarudi, akapita kwa kucha. Kwa hivyo kwa ile barua yako ya maombi weka sentensi moja, ya kwamba kwa chuo chako alama ya saplimentari haizidi 40, basi, endelea na mengine. Na ile jedwali ndogo ya madaraja, ile mara nyingi iko chini kabisa ama nyuma ya transkripti, inayosema 70 kwenda juu ni A, 60 mpaka 69 ni B, 50 mpaka 59 ni C, 40 mpaka 49 ni D, hiyo iskaniwe pia. Nimeona watu hapa saiba wanaskani upande wa mbele peke yake, yule kijana wa saiba hata hageuzi karatasi, halafu profesa wa Marekani anaona 58 na kwao 58 ni kuanguka kabisa, hajui kwamba kwetu mtu wa 70 anapigiwa makofi. Na usijibadilishie alama wewe mwenyewe kwenda GPA ya 4, ziandike kama zilivyo, wao wako na watu wa hiyo kazi.

Kueleza pekee hakutoshi lakini, lazima kuwe na alama mpya ya probabiliti mahali. Kuna kozi ya mtandaoni ya probabiliti ya MIT, namba yake ni 6.431x, imekuwa ikitolewa kwa tovuti ya edX, ni sehemu ya kile kifurushi chao cha MicroMasters ya takwimu na sayansi ya data. Kuingia hawakuulizi transkripti wala sekendi gani, unajiandikisha tu. Kusoma bila cheti unaweza bure, ukitaka cheti unalipa, na uliza kama unaweza kuomba upunguziwe. Nakuonya tu ni ngumu, kila wiki kuna maswali yenye dedlaini na mitihani yake haina huruma, si zile za kutazama video ukikunywa chai unapewa cheti. Lakini ndiyo maana inabeba uzito. Mtu akiona 40 ya zamani na kando yake hiyo kozi uliyopita ukiwa unafanya kazi Siaya, hiyo 40 inaanza kuonekana ni mambo ya ile miaka. Kama hutaki hiyo, nenda idarani kwenu uulize kama unaweza kukaa yuniti moja ya probabiliti kama mwanafunzi wa nje, ama ufanye diploma ya baada ya digrii, inachukua muda lakini pia inakubalika.

Tukuje kwa orodha sasa. Vyuo 14. Tuseme kila kimoja kinataka ada ya dola 75 ya maombi, vingine vitataka zaidi na vingine kidogo, hiyo ni dola 1,050, na dola ikiwa kama shilingi 130 umetumia 136,500. Akiba yako ilikuwa 180,000. Umebaki na 43,500 na bado hujafanya mtihani wa Kiingereza, hujatuma transkripti, hujaona ubalozi.

Na hiyo hesabu ya "moja itashika tu", wewe ni mtu wa takwimu, haikukera? Rafiki yako anafikiria hivi, tuseme kila chuo nafasi yako ni asilimia 20, ukiomba vitano, nafasi ya kukosa vyote ni 0.8 mara yenyewe mara tano, inakuja kama 0.33, kwa hivyo kupata angalau kimoja ni asilimia 67, na kwa 14 inafika 95 na kitu. Tamu sana. Lakini hiyo ni kama matukio hayahusiani, kila sarafu inarushwa peke yake, na wewe hurushi sarafu 14, unatuma transkripti moja ileile, barua zilezile za walimu, 40 ileile, kwa watu 14 waliosomea mambo sawa na wanaogopa kitu kimoja. Kama wa kwanza amekukataa kwa sababu ya probabiliti, wa pili naye ana sababu hiyohiyo mkononi. Ukitaka kweli kuongeza nafasi, tafuta vyuo vinavyotofautiana, hiki kinaangalia kazi uliyofanya, kile kinaangalia mapato ya familia, kingine kinataka alama za miaka miwili ya mwisho. Sita zinazotofautiana zinashinda 14 za ndugu wa tumbo moja.

Anza hapa nyumbani, na usikunje uso. Sheria ya vyuo vyetu vingi kwa masta ni sekendi apa, yaani daraja la pili la juu, ama sekendi loa pamoja na miaka miwili ya kazi inayohusiana na hiyo fani. Wewe uko na hiyo miaka miwili. Hapo umeingia kwa mlango wa mbele kama mtu yeyote, huhitaji kumjua mtu. Maseno iko hapo karibu, matatu tu, Egerton iko Njoro, na Moi kule Eldoret wamekuwa na baiostatistiki, ambayo kwako wewe wa data za afya inaweza kuwa bora kuliko takwimu tupu, maana Eldoret kuna AMPATH, ule mradi wa afya, na data ya wagonjwa wa kweli, na hapa kwetu kuna KEMRI Kisian, ile taasisi ya utafiti wa tiba, watu wa kukuelewa ukisema unataka kufanya modeli ya malaria hawakosekani. Ukienda Nairobi kuna Chuo Kikuu cha Nairobi, JKUAT na Strathmore, lakini hiyo ya mwisho piga hesabu ya fii kabla ya kupenda jina.

Kuna ile ya Pan African University iko JKUAT pale Juja, masta ya hesabu yenye upande wa takwimu, inalipwa na Umoja wa Afrika, kila mtu ataniuliza. Wanataka sekendi apa. Kwa hivyo wewe iache, usipoteze wiki kwa hiyo fomu.

AIMS ndiyo nakuambia ujaribu. Ile taasisi ya hesabu ya Afrika, ilianzia Muizenberg karibu na Cape Town 2003, saa hii iko pia Senegal, Ghana, Kameruni na Rwanda pale Kigali. Ni kama mwaka mmoja wa kusoma mpaka macho yanauma, kozi zinakuja kwa vipande vya wiki tatu, walimu wanakaa na wanafunzi palepale mnakula pamoja, na wanaopata nafasi wengi wanalipiwa karibu kila kitu. Kuomba ni bure. Ushindani ni mkali, sikudanganyi, alama wanaangalia, lakini wanasoma pia ulichofanya na walimu wanasema nini, na fomu ya bure haikutoi kitu ila jioni mbili.

Ujerumani kila mtu anaipenda kwa sababu vyuo vya serikali vingi havilipishi fii, isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg ambalo mtu wa kutoka nje ya Ulaya analipa yuro 1,500 kwa semesta. Lakini chukua kalamu tufanye hii pamoja. Wao wako na kanuni ya kubadilisha alama, unachukua alama ya juu kabisa utoe yako, ugawanye kwa alama ya juu kutoa ile ya kupita, uzidishe kwa 3, uongeze 1. Kwao 1 ndiyo bora na 4 ndiyo kupita. Ukiweka 100 juu na 40 ya kupita, yako ya 56 inakuwa 44 gawanya kwa 60, mara 3, ni 2.2, ongeza 1, ni 3.2. Na kozi nyingi za takwimu huko zinataka 2.5 ama bora zaidi. Angalia sasa ile dhuluma, ili upate 2.5 kwa hiyo hesabu ungehitaji 70 kwetu. Yaani fasti klasi! Kanuni haijui kwamba Kenya hakuna mtu anapata wastani wa 100. Kwa hivyo kabla ya kulipa uni-assist, wale wanaopokea na kukagua maombi ya wageni kwa niaba ya vyuo, yuro 75 ya ombi la kwanza, andikia hicho chuo imeili uwaulize Wakenya wanawekewa alama gani ya juu, na kama wanakubali kuangalia mtu kwa uzoefu wa kazi. Jibu likiwa ni kanuni hiyo tu, umeokoa pesa. Na hata ukiingia, kuna ile akaunti ya kufungiwa ya viza, yuro 11,904 za mwaka mzima tangu Septemba 2024, hiyo ni zaidi ya milioni moja na nusu ya kwetu, inakaa benki kabla hujapanda ndege.

Italia watu hawaisemi sana na mimi naipenda kwa mtu kama wewe. Wako na msaada wa mikoa kwa wanafunzi, Rome unapitia LazioDISCO, Bologna unapitia ER.GO, na mwaka wa kwanza kinachoangaliwa zaidi ni uwezo wa familia, si kama ulikuwa nambari moja darasani. Sapienza ya Rome na Bologna wako na masta za upande wa takwimu zinazofundishwa kwa Kiingereza. Kuingia kwenye kozi yenyewe wanaangalia masomo uliyofanya, hapo bado utaeleza 40 yako, na mwaka wa pili lazima uwe umekusanya krediti za kutosha la sivyo msaada unakatika. Kazi kubwa iko kwa makaratasi. Baba hana pesilipu, kwa hivyo utaanzia kwa chifu, uende mbele na mihuri ya wizara na ya ubalozi, halafu mtafsiri wa Kiitaliano. Anza mapema sana. Nilisindikiza kijana mmoja wa Ahero kwa hiyo safari ya mihuri na nakwambia viatu vilichoka kabla yake.

Ubelgiji kuna Hasselt, na ukiuliza watu wa baiostatistiki hapa Kenya utapata wengi wamepitia huko ama wamefundishwa na aliyepitia. Masta yao ya takwimu na sayansi ya data ni miaka miwili na iko na upande wa baiostatistiki na epidemiolojia. Udhamini wa VLIR-UOS, ule wa Ubelgiji, umekuwa ukipeleka watu wa nchi zetu pale, huo ni mgumu na ukiomba uombe ukijua hivyo, lakini wako pia na njia ya kusomea mbali, ukiwa hapahapa Kondele na kazi yako ya Siaya ikiendelea. Kwa mtu anayelipa mwenyewe polepole hiyo si kitu ya kudharau.

Uingereza ni mwaka mmoja na kuna vyuo vinachukua sekendi loa, lakini fii ya mgeni na pesa za kuonyesha benki siku 28, wewe na 180,000, tuiruke tu.

Sasa barua za walimu za kukupendekeza, hapa nitakuambia yangu. Mimi pia nilikuwa sekendi loa, 57. Nilimwomba lekchara mmoja mwenye jina kubwa aniandikie, kwa sababu ya hilo jina, hata hakuwa ananijua vizuri, darasa lilikuwa la watu mia mbili. Akasema sawa, hakuna shida. Nikamkumbusha wiki ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa, niko nayo kwa laptopu. Siku ya dedlaini nikapiga simu haishikwi, nikaambiwa yuko Dunga, nikapanda boda mpaka ufuoni, nikamkuta na mbuta nzima mbele yake na ugali, ananiambia kaa chini ule kwanza, hiyo barua ni ya dakika tano. Laptopu ilikuwa nyumbani. Ombi likafungwa saa sita usiku bila barua na ada yangu ikaenda, na samaki alikuwa mtamu ndiyo kitu kiliniuma zaidi. Mwaka uliofuata niliandikiwa na msimamizi wa projekti, mwalimu mdogo hata PhD hakuwa amemaliza, akaandika kurasa mbili, akasema huyu aliona kosa kwa data yangu ya mahindi ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimeliona. Nikaingia.

Kwa hivyo wewe tafuta yule aliyekupea 74 ya projekti na yule wa taim siriz, na wa tatu awe bosi wako wa Siaya. Wape wiki sita, wape transkripti, wape karatasi moja yenye mambo matatu uliyofanya, mfano ile siku ulipata kwamba kliniki mbili zinaandika tarehe kinyume, mwezi mbele ya siku, na ripoti yote ilikuwa inapotoka. Kitu kama hicho umefanya, najua umefanya, kila mtu wa data amewahi kukutana nayo. Kiandike wewe kwa barua yako pia. Ugonjwa wa baba na Kibuye vipewe sentensi mbili, tatu ikizidi, zilizobaki ziwe za kazi na za kile unataka kusoma.

Kama ni mimi ningeomba hivi: Maseno na Moi, AIMS, Hasselt, Sapienza ama Bologna moja, na ya sita uiache wazi mpaka umalize ile kozi ya probabiliti uone alama. Hizo mbili za nyumbani zikikujibu kwanza usizikatae ukingojea ndege. Semesta ya kwanza ya Maseno ukiifanya vizuri inakuwa transkripti mpya yenye probabiliti ya masta juu yake, na hapo hata Mjerumani na kanuni yake atakuwa na kitu kingine cha kusoma.

Swali

Mimi ni mzee wa Njoro, binti yangu anamaliza takwimu mwaka huu na wastani wake uko 63. Kuna ejenti hapa Nakuru tauni anasema atamtafutia masta Marekani, anataka 85,000 kwanza, ati ana watu wake ndani ya vyuo. Lekchara wake naye anamwambia aombe PhD moja kwa moja. PhD bila masta inawezekanaje, si ni kumdanganya mtoto?

Baba Ciru

Jibu

Baba Ciru, heshima yako mzee. Huyo lekchara msikize, huyo ejenti mnunulie chai aende.

Marekani PhD ya takwimu inaingiwa na digrii ya kwanza, ni kawaida kabisa huko, masta anaweza kuipata njiani. Na cha muhimu kwako wewe mwenye kulipa ni kwamba PhD kwa kawaida inalipiwa, mwanafunzi anasamehewa fii na anapewa pesa ya kuishi, yeye anasaidia kufundisha madarasa ya chini na kusahihisha. Masta nyingi huko ni za kulipa mwenyewe, na hiyo ndiyo ejenti anakuuzia. Wanaoamua ni kamati ya maprofesa wa idara, wanasoma faili. Hakuna mtu wa ndani.

63 haitampeleka kwa zile idara kubwa zenye majina, tusidanganyane, lakini idara za vyuo vya majimbo visivyo maarufu zinachukua watu wa alama kama zake, na chache zinalipia hata masta kwa njia hiyohiyo ya kufundisha, hizo aziulize kwa imeili idara kwa idara. Aulize pia msamaha wa ada ya maombi, wengi wanatoa ukiomba kwa adabu. GRE, ule mtihani wa kuombea masomo ya juu Marekani, aangalie kila chuo, baada ya corona wengi waliondoa lazima na wengine wameirudisha. Hizo 85,000 ziweke mzee, akipata nafasi ada ya SEVIS, ile ya kusajili wanafunzi wa kigeni, peke yake ni dola 350, karibu 45,500, na hiyo ni kabla ya viza na tiketi.

Swali

Mwalimu mwenzangu, nafundisha hesabu na fizikia shule moja ya Webuye, niko na BEd ya 64. Naweza kufanya masta ya takwimu ama nitaambiwa si fani yangu?

Tisha wa Webuye

Jibu

Unaweza, tisha. Shida ya BEd ni kwamba nusu ya yuniti zilienda kwa fizikia na ualimu, kwa hivyo toa transkripti uhesabu hesabu pekee. Ukiona kalkulasi mpaka ile ya vigezo vingi, linia aljebra, na angalau probabiliti mbili, uko sawa. Ukikosa inferensi uliza idara kama wanakubali uchukue yuniti za kuziba pengo semesta ya kwanza, nyingi zinakubali.

Lakini kwako wewe wa kazi swali la kuingia ni dogo, swali ni kutoka. Masta zetu watu wanamaliza darasa vizuri halafu wanakwama kwa tasnifu, msimamizi hapatikani, mwaka unaisha, mwingine unaisha. Kabla ya kulipa hata shilingi, tafuta kile kitabu cha mahafali cha hicho chuo, cha miaka miwili ama mitatu iliyopita, kiko maktaba na vingine viko mtandaoni, fungua ukurasa wa MSc ya takwimu uhesabu majina kwa kidole. Halafu uliza idara waliingia wangapi. Nilifanya hivyo na mwalimu mmoja wa Bungoma, tukapata ukurasa wenye jina moja, na chini ya hilo jina kulikuwa na nafasi nyeupe ya kutosha kuandika orodha ya kununua sukari, tukafunga kitabu tukaenda kuuliza chuo kingine.